Skrambla na Milima ya Uluguru: Tusidanganyane

Najua nimepotea humu kwa majuma matatu. La kwanza nilibanwa na kazi, mawili yaliyofuata nilikuwa nauguza goti. Goti hilo ndilo limenileta leo, au tuseme kilicholiponda: pikipiki ya mtindo wa skrambla.

Kwa wasiozifahamu, skrambla ni zile pikipiki za sura ya kizamani ambazo siku hizi vijana wa mjini tunazitolea macho. Taa ya mbele ya duara, tanki lenye umbo la chozi, siti ndefu iliyonyooka, usukani mpana, bomba la moshi lililopandishwa ubavuni, na tairi zenye meno. Ukiiona imeegeshwa nje ya mgahawa kule Masaki, au hapa kwetu karibu na Rock Garden, moyo unashtuka. Inakuambia kwamba mwenye nayo ni mtu wa lami Jumatatu hadi Ijumaa, lakini ikifika Jumamosi anaweza kuamua kupotelea porini. Leo nataka tulijadili hilo neno "anaweza". Anaweza kweli?

Niseme mapema kwamba sina chuki na pikipiki hizi. Kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikiweka akiba SACCOS ili ninunue moja. Mshahara wa mwandishi wa habari wa mkoani mnaujua wenyewe, sina haja ya kuuanika. Nimekula ugali na dagaa wengi kwa ajili ya ndoto hiyo. Kwa hiyo anayeandika hapa ni mtu aliyependa, siyo mtu aliyekuwa anatafuta sababu ya kuponda.

Ilikuwaje? Masika iliyopita mhariri wangu alitaka habari ya mboga za Mgeta. Wengi mnaokula kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo Dar es Salaam hamjui kwamba sehemu yake inalimwa juu kule, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, kwenye matuta yaliyoning'inia kama ngazi. Mvua ikikolea, magari yanakwama, na mboga iliyochumwa jana haisubiri. Mhariri alitaka nipande nikaone mwenyewe, nisiandike kwa simu.

Wiki hiyo hiyo rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo alikuwa amekuja Moro na skrambla yake. Sitaitaja kampuni iliyoitengeneza, kwa sababu kama mtakavyoona kosa lilikuwa langu zaidi. Ni ya cc 400, uzito wake karibu kilo 180. Jamaa akanirushia ufunguo: "Chukua hiyo, si unataka kuinunua? Kaijaribu mlimani." Nilijiona nimeokota embe chini ya mnazi.

Kutoka Msamvu kushika barabara ya Iringa hadi kuipita njia panda ya Mzumbe, nilikuwa mfalme. Injini inanguruma vizuri, upepo unapiga kifuani, wanafunzi kituoni wanageuza shingo. Nikaacha lami pale Sangasanga. Kilomita za mwanzo za vumbi na kokoto pikipiki ikaenda vizuri, tena vizuri kuliko nilivyotegemea. Usukani mpana unakupa nafasi ya kuitawala, na injini inavuta kwa mwendo mdogo bila kukohoa. Nikaanza kutunga kichwani sifa nitakazoziandika humu.

Kisha mlima ukaanza, na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha.

Wanaoujua udongo mwekundu wa milimani hawahitaji maelezo. Ukilowa unakuwa kama sabuni juu na gundi chini. Kwanza tairi la nyuma likaanza kucheza dansi. Nikakaza klachi na kupunguza mwendo. Halafu tope likajaa kati ya tairi la mbele na madigadi, likashindiliwa kama tofali, hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Mlima mkali, gurudumu la mbele halizunguki, bonde liko kulia kwangu. Nikajaribu kutua mguu, mguu nao ukateleza. Pikipiki ikalala ubavu, nami goti langu likiwa kati yake na jiwe.

Nilijivuta nikatoka. Kuinyanyua sasa. Jaribu la kwanza, hola. La pili, ikapanda nusu, miguu yangu ikateleza, ikarudi pale pale. La tatu sikulijaribu. Nilikaa kando ya njia nikiangalia akiba yangu ya mwaka mmoja na nusu imelala kwenye tope.

Akatokea kaka mmoja wa bodaboda akiteremka kutoka juu. Pikipiki yake ni zile za cc 150 za kutoka India ambazo mnazipanda kila siku. Nyuma kafunga viroba viwili vya kabichi, kila kimoja kinanizidi kiuno. Anateremka taratibu, miguu yote miwili ameitanua kama bata anayetua majini, injini ameiacha kwenye gia imshikilie. Akasimama, akaegesha, akaja. Akapita mama mmoja na jembe lake, naye akaweka jembe chini. Tulikuwa watatu ndipo ile kitu ikasimama.

Yule kaka akaizunguka mara moja, akaitazama kwa heshima kabisa, kisha akaniambia, "Kaka, hii ni nzuri. Ya kupigia picha."

Wadau, nilicheka huku goti linaniuma.

Tuliiacha skrambla uani kwa yule mama. Kaka akapeleka kabichi zake chini, akarudi, akanipakia hadi Nyandira. Njiani nilikuwa na muda wa kuikagua pikipiki yake kutokea nyuma. Madigadi ya mbele ameyapandisha juu kabisa ili tope lipite. Tairi la nyuma ni kashata, lenye meno makubwa. Sproketi ya nyuma amebadilisha, ameweka kubwa zaidi ili ivute mlimani, hata kama kwenye lami haikimbii. Bampa na keria vimechomelewa na fundi wa pale pale kijijini. Chini ya siti kuna kipande cha kamba ya katani. Aliniambia tope likizidi anaizungushia tairi la nyuma ili lishike. Na zana zake zote, spana mbili, plagi ya akiba na pampu, zinaingia kwenye mfuko wa rambo.

Sasa hapo ndipo akili yangu ilipoanza kufanya kazi. Turudi nyuma kidogo kwenye historia, maana mambo haya hayakuanza kwenye matangazo ya juzi.

Jina lenyewe linatoka Uingereza. Mwaka 1924, huko Camberley, waendesha pikipiki walishindana kwenye mashamba na vilima, na mashindano ya aina hiyo yakaja kuitwa skrambo, yaani kugombania na kuparamia. Pikipiki walizotumia zilikuwa za barabarani. Waliondoa kila kisichohitajika, wakabadili tairi na usukani, wakaparamia. Miaka ya 1960 Wamarekani wakafanya hivyo hivyo jangwani. Walichukua Triumph za Uingereza, wakapandisha bomba la moshi lisigonge mawe, wakaweka bamba la chuma chini ya injini, wakakimbiza mchangani. Mwaka 1962 Dave Ekins na Bill Robertson Jr. walizichukua Honda CL72 za cc 250 wakakatiza rasi ya Baja huko Mexico, kutoka Tijuana hadi La Paz, karibu kilomita 1,500, kwa muda unaokaribia saa 40. Mwaka 1964 mcheza filamu Steve McQueen aliiwakilisha Marekani na Triumph kwenye mashindano ya siku sita ya kimataifa kule Erfurt, Ujerumani Mashariki. Alianguka, akaishia njiani. Mwenzake Bud Ekins alivunjika mguu. Lakini Dave Ekins na Cliff Coleman, kwenye Triumph kama zile zile, walimaliza na medali za dhahabu.

Kwa hiyo anayesema skrambla haijawahi kuwa na uwezo wa porini anakosea. Ilikuwa nao. Lakini kuna jambo la pili ambalo matangazo hayalisemi. Mwaka 1968 Yamaha walitoa DT-1, ya cc 250, nyepesi, iliyobuniwa tangu mwanzo kwa njia mbovu na lami pia. Haikuwa ya barabarani iliyobadilishwa. Pikipiki nyepesi za aina hiyo, pamoja na zile za mashindano kutoka Ulaya, zikazisukuma skrambla nzito kando. Yaani swali tunalojiuliza leo, kwamba skrambla inafaa porini au la, wenyewe walishalijibu zaidi ya miaka 50 iliyopita: inafaa, mpaka ipatikane iliyo nyepesi.

Na watoto wa hiyo DT-1 sisi tunawafahamu. Nani hakumbuki DT 125? Zilikuwa za mabwana shamba, mapadre na maofisa wa miradi. Mjomba wangu alikuwa bwana shamba upande wa Matombo, na DT yake ilimpeleka vijiji ambavyo hata leo Land Cruiser inajifikiria mara mbili. Gurudumu la mbele inchi 21, shokapu ndefu, madigadi ya mbele yako juu kabisa mbali na tairi. Kila kitu kwenye mashine ile kipo kwa sababu. Bomba la moshi limepandishwa kwa sababu kuna mito.

Linganisha sasa na skrambla za leo. Triumph walipoirudisha Scrambler mwaka 2006 ilikuwa na cc 865 na uzito unaozidi kilo 200, na shokapu zake zilikuwa za pikipiki ya barabarani. Ducati Scrambler iliyoingia sokoni mwaka 2015 ina cc 803, kilo 186 ikiwa na mafuta, shokapu zinazocheza milimita 150, gurudumu la mbele inchi 18 na la nyuma 17. Hizo ni pikipiki za lami zilizovaa buti. Na watengenezaji wanajua, ndiyo maana baadaye walitoa matoleo mengine kwa wanaotaka kuchafuka kweli. Ducati walitoa Desert Sled mwaka 2017, shokapu milimita 200. Triumph Scrambler 1200 XE, iliyozinduliwa mwishoni mwa 2018, ina milimita 250 na gurudumu la mbele la inchi 21. Hapo tunazungumzia mashine inayoweza. Ila uzito bado ni ule ule wa kilo 200 na zaidi, na bei yake ukiibadilisha kuwa pikipiki za bodaboda unafungua kijiwe kizima pale Mafiga.

Nini basi hukumu yangu? Nitaigawa mara tatu, maana porini siyo mahali pamoja.

Kwenye vumbi na kokoto wakati wa kiangazi, skrambla inaweza. Njia ya kutoka Bigwa kwenda Kinole ikiwa kavu, au barabara za mashambani huku Mvomero, utaenda na utarudi unatabasamu. Kwa starehe ya kukaa na kuitawala, inaweza kuzidi nyingi.

Kwenye mawe na miinuko mikali, kama ile njia ya kupanda Morningside, inategemea mwendeshaji na tairi. Ukiwa fundi, utafika. Ukiwa mimi, utafika umechoka na bamba la chini limepigwa.

Kwenye tope la masika, tusidanganyane. Hapana. Na hapa namaanisha skrambla ya kawaida inayouzwa, siyo hizo mbili tatu nilizotaja. Madigadi yamebana tairi, chuma ni kizito, tumbo liko chini, na meno ya tairi yake ni ya mapambo.

Najua kuna msomaji anataka kuniuliza: mbona hiyo bodaboda ya cc 150 nayo ni ya barabarani? Shokapu zake fupi, magurudumu yake inchi 17, na bado inapita! Swali zuri, nami nililifikiria njia nzima hadi Nyandira. Majibu ninayo matatu. Kwanza, uzito wake ni kama kilo 120, na kilo 60 za tofauti mlimani ni sawa na mtu mzima mmoja umempakia bila nauli. Pili, wenyewe wameibadilisha kwa mahitaji ya pale pale. Tatu, mwendeshaji anaijua kila kona, anajua jiwe gani limelala wapi, na anajua lini asiende.

Ukitazama kwa makini utaona kwamba alichofanya yule kaka ndicho walichofanya Waingereza wa 1924 na Wamarekani wa jangwani. Kachukua pikipiki ya barabarani, kaondoa kisichofaa, kapandisha kinachogonga, kabadili tairi, kaenda. Kwa maana hiyo skrambla ya kweli niliyoiona siku ile ni ile iliyobeba kabichi. Ile niliyoiangusha ilikuwa picha ya skrambla, imechorwa vizuri sana na watu wasiojua tope la Mgeta.

Lakini nisije nikawaimbia mashairi madereva wa bodaboda halafu nikaondoka. Wao pia huanguka. Yule kaka alinionyesha kovu la bega. Aliniambia kwamba wiki moja kabla yangu alimteremsha mama mjamzito usiku hadi kituo cha afya, mama yuko katikati, shemeji yake nyuma anamshikilia, mvua inanyesha. Mshikaki huo polisi wa mjini angewakamata. Mlimani ndiyo gari la wagonjwa lililopatikana. Mtoto alizaliwa salama. Nilipomuuliza kama hakuogopa, akanijibu kwamba kuogopa alikuogopea nyumbani, baada ya kurudi.

Hapo ndipo nilipoona haya kidogo. Sisi wa mjini tunalipa pesa nyingi kununua sura ya kuweza kupita njia mbovu, ili tuziite safari za kujitafuta. Kuna wenzetu njia hiyo hiyo ni ya sokoni, ya shuleni, ya leba, na uwezo wa pikipiki kwao haupimwi kwa picha. Kwa mtazamo wangu wanachohitaji zaidi hata siyo pikipiki bora, ni mitaro ya maji na makalavati yanayozibuliwa kabla ya masika badala ya baada yake. Habari yangu gazetini niliimalizia kwa hoja hiyo. Ilikatwa kwa kukosa nafasi, ndiyo maana naiweka humu.

Niliporudi na goti limevimba nilikwenda kumsalimia mjomba. Sisi Waluguru mjomba hapitwi, hasa ukiwa na jambo la fedha. Nikamweleza yote, na nikamwomba ushauri kuhusu akiba yangu. Akanyamaza, akalitazama goti, akasema, "Mpwa wangu, pikipiki ya mlimani ni ile unayoweza kuinyanyua peke yako siku inapokulalia. Nyingine zote ni za kwenda kanisani."

Kipimo hicho nakipenda kuliko vyote vilivyoandikwa kwenye vitabu vya watengenezaji. Kabla hujanunua, mwombe muuzaji ailaze chini, uinyanyue mwenyewe. Akikataa, umeshapata jibu. Ukishindwa, umepata jibu pia. Na kama unaitaka kwa ajili ya lami ya Dar na vumbi la Jumamosi, nunua kwa amani, ni pikipiki nzuri na sitakucheka. Ila usimwambie mtu kwamba ni ya porini, na usimwazime rafiki yako mwandishi wakati wa masika.

Skrambla ya jamaa tuliifuata siku tatu baadaye jua lilipowaka. Yule mama alikuwa ameifunika kwa turubai analoanikia maharage, na hakutaka hata senti. Rafiki yangu aliiteremsha polepole, mimi nikiwa nyuma kwenye bodaboda, na kuanzia Sangasanga alifungua mafuta akatuacha mbali. Kwenye lami, jamani, ile kitu ni tamu. Nakiri.

Akiba yangu bado iko SACCOS. Kuna mzee mmoja Kihonda ana DT 125 iliyokaa kwenye kibanda cha kuku muda mrefu, kabureta imeziba na siti imeliwa na panya. Jumamosi naenda kuiona. Kabla ya kuuliza bei nitaomba niilaze chini.

Naomba kuwasilisha.